Mwaka Niliochora Ploti ya Mama Shiru

Tulimzika Dokta Mbithi nyumbani kwake Ngoliba, jua likiwaka kama limetumwa, na tangu siku hiyo sijatulia. Wenzangu wa darasa walifika na magari makubwa, wakapangwa kwenye hema la wageni wa heshima, na mmoja baada ya mwingine wakapewa maikrofoni. Kila mmoja alieleza jinsi marehemu alivyomfundisha kwamba jengo ni hoja, na kwamba jengo lisilo na wazo ni ghala tu. Kisha, kwa ule unyenyekevu wa kujitangaza, akataja jengo alilolisimamisha yeye: hoteli, jumba la maduka, makao makuu ya shirika fulani. Mimi sikuomba maikrofoni. Nilikuwa nikiitazama nyumba ya marehemu pale nyuma ya hema. Huyu ndiye aliyetufundisha nadharia ya usanifu majengo, mtu wa kuongea kipindi kizima juu ya ngazi moja, na nyumba yake ya uzeeni ilikuwa sanduku la mawe, madirisha mawili mbele, na juu ya zege la veranda vyuma vilikuwa vimeachwa vimesimama, vikingoja ghorofa ambayo haikujengwa. Sote tuliiona, na maikrofoni ikaendelea kupokezanwa.

Wakati wa chakula nilikaa na Kariuki, ambaye enzi zetu hakuisha kuja chumbani kwangu kuomba wembe wa kukwangulia wino kwenye michoro. Sasa ana ofisi yenye jina lake mlangoni. Alinionyesha picha za jengo la vioo kwenye simu yake, moja, nyingine, nyingine tena, kisha akaniuliza, "Na wewe, Nyambura, siku hizi unajenga nini?" Nikamwambia nafundisha. "Aah, unafundisha," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Nikacheka. Nikahamisha sahani ya mukimo kutoka goti hili hadi lile, nikabadilisha kiti, nikaenda kutafuta maji ambayo sikuyataka. Nimefundisha hadi nywele zimekuwa nyeupe na bado swali hilo hunichoma. Kabla ya sala ya kufunga nilikuwa nimeshawasha gari. Nilipita Thika bila kusimama, na nilipofika Ruiru, badala ya kuendelea na safari ya nyumbani, nikakata kona kuelekea Gatongora, mahali nilipoishi mwaka wangu wa mwisho chuoni. Nilijiambia nataka tu kuona kama ploti ya Mama Shiru bado ipo.

Ipo. Imebanwa na maghorofa pande zote hadi jua linaifikia saa za mchana pekee, lakini ipo. Enzi hizo hapakuwa na maghorofa. Gatongora ilikuwa mashamba yanayokatwakatwa, kahawa iking'olewa huku, msingi ukichimbwa kule, na kila mahali marundo ya mawe yaliyochongwa yakingoja mafundi. Nilihamia huko kwa sababu hosteli ilinishinda. Mimi ni mtu asiyeweza kufanya kazi watu wakiongea, na kwa akili zangu nyingi nikaenda kukodi kwenye ploti ambayo kuta zake hazikufika kwenye mabati. Ulikuwa ujenzi wa kawaida: safu mbili za vyumba zikitazamana, kila chumba futi kumi kwa kumi, katikati uwanja wa saruji wenye mfereji mmoja na kamba za nguo, vyoo mwishoni, na nyuma ya vyoo kipande kitupu ambacho Mama Shiru, mwenye ploti, alipanda migomba na sukuma wiki. Meza yangu ya kuchorea ilikula nusu ya chumba, kitanda kikala nusu nyingine, na jiko la mafuta ya taa likakaa mlangoni. Juu ya ukuta yalipita mazungumzo ya kila mtu. Nilijua nani ameamka na homa, nani amegombana na mumewe juu ya rimoti, nani anaombea nini. Nilichora nikiwa nimeziba masikio kwa pamba, na bado nilisikia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Akinyi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Thika, yeye na mdogo wake Ouma, na walikuwa wakiishi chumba kimoja kwa sababu Ouma alikuwa na zamu za kupishana na zake. Katika ploti ile wanawake wote waliitwa Mama Fulani. Mimi niliitwa Nyambura kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi tu. Akinyi alinizidi miaka kadhaa, mwanamke mzima mwenye sauti nzito na kicheko cha kufungua milango, na bado aliitwa Akinyi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na mtoto. Jumapili akipika samaki au omena, alinigongea ukuta kwa mwiko, nami nikajua sahani yangu iko tayari. Nilimlipa kwa githeri, ambayo alisema Wakikuyu tunaipika kana kwamba tuna haraka ya kwenda mahakamani.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alipaswa kuchagua mahali, akachora jengo, na kulitetea mbele ya wakaguzi. Wenzangu walichagua makavazi na viwanja vya ndege. Kariuki alichagua bunge la nchi ambayo haikuwepo. Mimi, kwa uchovu zaidi kuliko kwa busara, nikasema nitachora ploti. Nilitegemea Dokta Mbithi anifukuze ofisini. Badala yake alisukuma kando thamosi yake ya uji, akavua miwani, akasema, "Hapo kuna wazo." Akasimama, akaanza kutembea kama alivyofanya darasani. Akasema uwanja wa ploti ndio boma lililohamia mjini, ndio sebule ya watu wasio na sebule, na kwamba kazi ya msanifu majengo katika nchi kama yetu ni kuulinda uwanja ule dhidi ya wenye nyumba wanaotaka kuujaza vyumba. Nilitoka pale nikiwa nimelewa. Kwa mara ya kwanza miaka yote ile chuoni, nilijua kwa nini nachora. Wiki hiyohiyo Mama Shiru akanisimamisha penye mfereji. "Kairitu, msichana wewe, nasikia unachora manyumba," akasema. "Mimi nataka kuongeza vyumba huko nyuma kwa migomba, na ile safu ya zamani nibomoe pole pole. Nichoree. Uko hapa bure tu?" Sikuwa bure, nilikuwa nalipa kodi, lakini nilikubali papo hapo. Ni mwanafunzi gani hupata mtu wa kumjengea mchoro wake?

Basi nikauchora uwanja. Niliupanua, nikaupandia miti, nikaweka mabenchi ya zege kuzunguka mfereji, nikaviacha vyumba vilevile vya futi kumi kwa kumi kwa sababu vyumba havikuwa wazo. Jumapili moja Akinyi aliingia na sahani ya ugali na omena akakuta karatasi zimetandazwa kitandani na sakafuni. Nilimwonyesha kwa fahari. Nilikuwa nimechora watu pale uwanjani, wanawake penye mfereji, mmoja amebeba beseni, wote wakicheka. Akainama akawatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Inaweza kuwa wewe."

"Na mbona nacheka hivyo? Wee Nyambura, hapo kwa mfereji mimi hucheka lini? Maji ikija ni vita."

"Ni mchoro tu. Inaonyesha maisha ya pamoja."

"Maisha ya pamoja," akasema, akiketi kwenye ukingo wa kitanda. "Sawa. Watu wote kwa hii ploti wanajua jana nilikula nini. Hata wewe unajua."

Nilijua. Ilikuwa omena. Tulicheka, tukaanza kula, na nilidhani yameisha. Kisha akapangusa mikono, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti iliyotumiwa na kila mtu pale alipotaka isipite juu ya ukuta, "Kama unachorea Mama Shiru kweli, si unichoree mahali mtoto anaweza lala."

"Mtoto gani?"

"Wangu. Adhiambo. Ako Siaya kwa nyanya yake."

Hivyo ndivyo nilivyojua, baada ya miezi ya kusikia hata akigeuka kitandani, kwamba Akinyi ni mama. Alinieleza kwamba kwao msichana akianza kukua halali tena chumba cha mama yake. Hulala nyumbani kwa nyanya, katika ile nyumba wanayoiita siwindhe, yeye na wasichana wenzake, na huko ndiko husimuliwa hadithi na kufundishwa mambo. Lakini nyanya huyu sasa alikuwa haoni. Mwanawe mkubwa alikuwa anakuja kumchukua mwaka ukiisha ili akae naye Kisumu, na nyumba ile ingefungwa. "Adhi akuje hapa alale wapi?" akaniuliza. "Katikati yangu na Ouma? Ouma hana neno, unamjua. Lakini ni mjomba, ni mwanaume mzima, na huyo ni msichana. Haiwezekani. Nikikosa mahali, watampeleka kwa mtu huko Kisumu aangalie watoto wa wenyewe. Shule basi." Hakulia. Alisema yote hayo akitazama mchoro wangu, kwenye pembe moja ambapo nilikuwa nimeweka mti.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Akinyi kwa kuwa na mtoto wakati mimi nilikuwa nimeshapata wazo. "Mimi sichorei mtu mmoja," nikamwambia. "Nachora mfumo." Akachukua sahani zake. "Na huo mfumo wako hulala wapi?" akasema, akaenda zake, na juma zima hakugonga ukuta. Nilikula mkate. Nilichora nikafuta, nikachora nikafuta, hadi wembe ukatoboa karatasi. Nilitoka nikazunguka Gatongora nikichungulia misingi ya watu, nikarudi, nikatoka tena. Nilimwona Ouma akitoka kazini asubuhi, macho mekundu, akiingia chumbani Akinyi akitoka, wawili wakipishana mlangoni kwa upande kama watu wanaopita kwenye ukuta uliobomoka, na nikawaza mtu wa tatu angepita wapi.

Mwishowe nilimgongea mimi. Nikamwomba anipeleke kwa wafanyakazi wenzake Thika, nione wasichana wao hulala wapi. "Unataka kuona vyumba vya watu?" akauliza kwa shaka, lakini alinipeleka, Jumapili baada ya ibada, tukiwa bado na nguo za kanisani. Tuliingia nyumba moja baada ya nyingine, tukinyweshwa chai kila mahali hadi nikahisi nimekuwa birika. Nilikuta ukuta mmoja ambao hatukuwahi kufundishwa darasani, nao ni shuka. Shuka la maua lililofungwa kwa kamba, shuka la shule ya bweni lenye jina la mtoto pembeni, shuka lililoshikizwa kwa pini kwenye kabati. Katika nyumba moja msichana wa kidato cha pili alilala chini ya meza ya kulia, na kitambaa cha meza kilikuwa kimeshushwa hadi sakafuni upande mmoja. Mama yake alikiinua kunionyesha godoro, na msichana, aliyekuwa amesimama pale pale akitumiminia chai, aligeuza uso. Njiani kurudi Akinyi aliongea juu ya msimamizi wao kazini, anayewahesabia safari za chooni, na mimi nilikuwa simsikilizi hata kidogo.

Nilianza upya. Vyumba viwili vinavyopakana nikavifanya vishikane: ukuta wa katikati haukwenda moja kwa moja, ulipinda, ukakipa chumba cha kwanza kipande upande wa mbele na chumba cha pili kipande upande wa nyuma. Kila kipande kilitosha kitanda kimoja chembamba, rafu, dirisha dogo, na mlango. Si chumba. Nilikiita kichumba, mafundi baadaye wakalishika jina, nalo likabaki. Lakini ardhi haivutiki. Ili vichumba vipatikane, safu nzima ilibidi isogee mbele, na ikisogea mbele inakula uwanja. Mabenchi yakaenda. Miti ikaenda. Ule uwanja ambao nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa kuutetea ukabaki njia pana ya kuanikia nguo. Nilikaa nikautazama mchoro ule mpya nikijua umeniharibia mwaka, na sikuweza kuurudisha ule wa zamani.

Dokta Mbithi aliutazama akiwa amesimama, na uji wake ukapoa. "Umeua wazo lako mwenyewe," akasema.

Nikamwambia habari za Adhiambo. Alisikiliza vizuri, lazima niseme hivyo, hakuwa mtu wa kudharau. Kisha akasema, "Huyo mtoto atakua, ataondoka. Uwanja ukishajengwa haurudi. Watu watafunga milango, na miaka ikipita hawatajuana majina. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria."

"Na?"

"Na Adhiambo hana mahali pa kulala, Dokta."

Alirudisha karatasi zangu mezani taratibu. "Siwezi kukuzuia. Lakini mbele ya wakaguzi sitakubeba," akasema. Nilikunja karatasi nikatoka. Sikuwa na hakika hata kidogo kwamba mimi ndiye niliye sahihi. Hata leo huwaambia wanafunzi wangu kisa hiki na kuwauliza wangefanya nini, na wakijibu haraka huwa nawapunguzia alama.

Mama Shiru naye hakuwa rahisi. Alinipokea sebuleni kwake, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, chai nyeupe ya maziwa kuliko maji, akaweka miwani ya kusomea Biblia, akapitisha kidole kwenye mchoro. "Na hapa ni nini?"

"Ni kichumba, Mama Shiru. Mtoto analala hapo."

"Mtoto si analala na mama yake? Ngai! Sisi tulilala kitanda moja watu wanne na tukakua. Hii nafasi yote ningetoa vyumba zingine."

"Na watoto wakikua, wapangaji wako hufanya nini?"

"Wanahama," akasema mara moja. Alivua miwani akaiweka mapajani. Niliona anatazama kona ya sebule, nyuma ya kochi kubwa. "Shiru wangu alikuwa analala hapo nyuma," akasema. "Hii nyumba ilikuwa na vyumba mbili na wageni hawaishi. Akaenda kuolewa hata shule hajamaliza. Watu wakasema ni mapenzi. Mapenzi gani? Msichana alichoka kuvaa nguo gizani." Alirudisha miwani usoni kwa haraka, kana kwamba maneno yale yalikuwa yamesemwa na mtu mwingine. "Sawa. Hiyo safu ya huko nyuma, weka hizo vichumba. Lakini mlango hapana. Pazia inatosha."

Nilikubali, na nilidhani nimeshinda. Nilipompa Akinyi habari hizo aliweka chini beseni lake la nguo, akapanda ngazi za Mama Shiru na mikono yenye povu, mimi nikimfuata nyuma. "Mama Shiru, shikamoo. Pazia ni kitambaa," akasema kabla hata ya kukaribishwa. "Mtoto wangu ametoka kwa nyumba iko na mlango. Nitaleta mlango mwenyewe. Wewe niachie tu mahali pa kuuweka." Mama Shiru alimtazama juu hadi chini. "Kumbe uko na mtoto?" akauliza. "Na unakaa hapa kwangu miaka yote hiyo kama hauna?" Akinyi alipangusa povu mikononi. Mama Shiru akamwitia kikombe cha chai, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake juu ya mlango.

Kikao cha kutetea kazi, ambacho wanafunzi tulikiita krit, kilifanyika ukumbini asubuhi yenye baridi. Unabandika karatasi zako ukutani, unasimama mbele yake, na watu wenye suti wanakuuliza maswali hadi uone aibu ya kuzaliwa. Kariuki alitangulia na bunge lake, akapigiwa makofi. Zamu yangu ilipofika mkaguzi mmoja kutoka nje alisogea karibu na mchoro, akarudi nyuma, akasema, "Hivi ni vyumba vya kukodisha. Kuna watu huuza ramani kama hizi mtaani. Wazo liko wapi?" Nilionyesha kichumba kwa kidole, nikasema kuna msichana Siaya. Mwingine akacheka, si kwa ubaya. "Kwa hiyo umesogeza jengo zima kwa sababu ya mtoto mmoja?"

"Ndiyo," nikasema.

Dokta Mbithi, aliyekuwa amekaa mwisho wa safu akiwa amekunja mikono, akasema bila kuniangalia, "Mimi sikubaliani na mchoro huu. Nimebishana nao muhula mzima. Lakini huwezi kubishana na ghala." Basi. Alama walizonipa zilikuwa za kupita kwa kuchechemea. Nilibandua karatasi zangu peke yangu, pini zikinichoma vidole, huku wenzangu wakienda kupiga picha nje. Nilikuwa msanifu majengo, na sikuwahi kujihisi mdogo namna ile.

Safu ya nyuma ilijengwa upesi, kama watu wa Gatongora walivyojenga kila kitu wakati ule, mawe yakiwasili asubuhi na jioni yako ukutani. Fundi mkuu alilalamika juu ya ukuta wangu uliopinda hadi alipoumaliza, kisha akaanza kuuonyesha kwa watu. Nilipopita huko majuzi kutoka mazishini, nilitembea kwa miguu hadi upande wa Mugutha, na njia nzima niliviona: vichumba vyangu, kwenye ploti ya huyu na ya yule, vingine vimegeuzwa kushoto kuwa kulia, vingine havina dirisha kabisa, kimoja kina mitungi ya gesi, kingine kinyozi. Fundi alinakiliwa na fundi, hakuna aliyeniuliza, na hakuna anayejua jina langu. Pia niliona njia zile nyembamba, milango imefungwa pande zote mbili, wala hakuna mtu aliyeketi nje. Mtu mmoja nilimwuliza jirani yake anaitwa nani akasema hajui. Dokta alisema itakuwa hivyo. Nilisimama pale nikataka kumpigia simu, kisha nikakumbuka tumetoka kumfukia.

Adhiambo alikuja shule zilipofungwa, mchana wa jua kali, akiwa na begi la mgongoni na kuku ndani ya kiondo. Akinyi alikuwa amehamia safu mpya kabla hata rangi haijakauka. Alikuwa amenunua shuka jipya la kitandani, amepigilia misumari ya kutundikia sare, na mlango ulikuwa pale, mlango wa mbao uliowahi kuwa wa nyumba nyingine, na rangi ya kijani iliyobanduka, na komeo jipya upande wa ndani. Ouma alikuwa amebadilishana zamu ili awepo. Mama Shiru alishuka na sufuria ya pilau, akasimama mlangoni akaita kwa sauti iliyosikika ploti nzima, "Mama Adhiambo! Mgeni amefika?" Nilimwona Akinyi akishtuka, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Msichana alitusalimia sote kwa mkono, mmoja mmoja, akipiga goti kidogo. Alikuwa mrefu kuliko yule msichana niliyemchora kwenye kichumba.

Tulijibana chumbani kumtazama akionyeshwa. Aliingia kwenye kichumba, akagusa kitanda, akagusa ukuta uliopinda, akafungua dirisha akalifunga. Sote tulingoja aseme kitu, mimi kuliko wote. Aligeuka akamwambia mama yake maneno machache ya upole, kisha akafunga mlango. Tukasikia komeo.

Tulibaki tumesimama na vikombe mkononi. Ouma alijifanya anamtafuta kuku. Mama Shiru alinong'ona, "Amechoka na safari," akaniburuta nje kwa mkono, lakini nilirudi, sikuweza kukaa mbali. Nilimkuta Akinyi ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango ule wa kijani, machozi yakimtiririka na huku anacheka. "Miaka yote nangoja huyu mtoto," akaniambia, "na mlango ni mimi nilileta mwenyewe." Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia tutaling'oa komeo, tutaweka pazia, nitachora tena. Alinipungia mkono ninyamaze. Akavuta karibu ungo wa minji, akaanza kumenya, na akaanza kuongea kwa Kijaluo, si na mimi. Sikuelewa neno, ila nilisikia jina la kiwanda, na jina la msimamizi, na niliona vidole vyake vikionyesha sindano inavyokwenda. Aliongea taratibu, bila kugeuza kichwa, akimenya, kwa muda mrefu, na ndani kulikuwa kimya kabisa. Alipofika mahali fulani akasimama kuchagua minji mibovu. Hapo ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma ya mlango, fupi, yenye haraka kidogo.

Akinyi alifunika mdomo kwa mkono uliojaa maganda.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Anauliza, halafu ikawaje."